Jinsi Mji Wetu Ulivyoletewa Timu Yake

Jina la nchi yetu silitaji. Kulitaja hadharani kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa vibali hivyo imefungwa kwa muda kupisha maandalizi ya sherehe za kuifungua. Msomaji asihangaike. Nchi yetu iko mbali sana na alipo yeye, viongozi wake hawafanani na yeyote anayemjua, na akihisi amewahi kumwona mmoja wao kwenye taarifa ya habari, basi ni macho yake tu.

Sisi ni watu wenye bahati. Nchi nyingine zina wizara ya maji, wizara ya barabara, wizara ya afya, na kila moja inavutia kwake. Sisi tunayo moja inayotosha: Wizara ya Kuleta. Maji yaliletwa. Barabara ililetwa, ikachukuliwa kidogo kwa matengenezo, na tunaambiwa italetwa tena. Mwaka ule wa ukame hata mvua ililetwa. Waziri alikwenda kuipokea na mwavuli wake, sisi tukapangwa kando ya njia tukilowa kwa furaha. Kitu chochote ambacho Wizara haikukileta, kisheria hakipo.

Mtaani kwetu Mfinyanzini tuliwahi kuwa na kisima. Tulikichimba wenyewe, tukanywa maji yake bila kujua kwamba tunavunja sheria. Maofisa walipokigundua walitusikitikia sana. Wakakifukia, wakatuacha tuone kiu ya kutosha, kisha Waziri akaja akakileta palepale kilipokuwa. Siku hiyo nilishangilia mpaka nikapoteza sauti. Mimi ndiye mshangiliaji mkuu wa mtaa, kazi niliyoirithi kwa baba, na mikono yangu ikianza kupiga makofi mtaa mzima unafuata. Naeleza haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kulalamika.

*

Mji wetu, Kwembogo, ulikuwa na kila kitu isipokuwa timu ya mpira ya kulipwa. Hata miji ambayo ukiwa garini ukipiga chafya umeshaipita, ilikuwa na timu Ligi Kuu. Aibu hii iliwagusa wakubwa, wakaunda Kamati ya Matarajio ya Mji Kupata Timu ya Kulipwa. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kanali Mstaafu Lugome, ambaye kwa kuokoa wino nitamwita Mheshimiwa Lugome.

Kamati ilifanya kazi kwa kujituma. Ilikwenda nchi za baridi kutazama nyasi. Iliporudi ikagundua kwamba imesahau kutazama magoli, ikaenda tena. Safari ya tatu wajumbe walikwenda na wake zao, maana ilibidi kuwe na watazamaji. Kila mwisho wa mwaka Mheshimiwa Lugome alisimama redioni, akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi, ninayo furaha kubwa kuwatangazia kwamba matarajio ya mji wetu kupata timu ni makubwa kuliko ya mwaka jana." Nasi tulipiga makofi majumbani mwetu, ingawa hakuna aliyekuwa anatuona.

Uwanja nao ulitengewa eneo. Rais wa zamani aliweka jiwe la msingi. Rais aliyemfuata hakuweza kuweka jiwe juu ya jiwe la mwenzake, akaweka lake pembeni. Wakafuata mawaziri, wakuu wa mikoa, mabalozi, na mshindi wa mashindano ya urembo. Leo eneo zima limejaa mawe ya msingi yaliyopakwa chokaa na kuzungushiwa minyororo, na mpira hauwezi kubiringika hapo bila kugonga jina la mtu mkubwa. Kwa hiyo mpira umepigwa marufuku eneo la uwanja wa mpira.

*

Kamati ikiwa huko kwenye nyasi, vijana wa Mfinyanzini wanaochoma matofali walikuwa wanacheza. Shimo kubwa lililobaki baada ya kuchimba udongo walilisawazisha kwa majembe, wakaliita Shimoni, na kuta zake za udongo zikawa ndiyo majukwaa ya kukaa watu. Timu wakaiita Tofali FC.

Kocha wao alikuwa Tunu Magesho, mama wa makamo aliyewahi kuwa beki wa timu ya wanawake ya shirika la reli, enzi ambazo reli ilikuwa bado ina treni. Tunu hakuwa mtu wa maneno mengi. Mchezaji akikosea alimwita kwa jina la ukoo, akanyamaza, na mchezaji akajua la kufanya. Nahodha alikuwa Shedraki Mavura, mwanamume wa miaka thelathini na minne ambaye goti lake la kulia halikutoka kwenye bandeji msimu mzima. Daktari alishamwambia kwamba msimu huu ukiisha, na goti limekwisha. Mavura hakubishana naye.

"Nataka dakika moja tu Ligi Kuu, hata goti likiwa limekwisha," alikuwa akituambia kando ya tanuri. "Dakika moja. Hata refa akinitoa kwa kadi nyekundu, nitatoka nacheka."

Kwa sababu hakuna aliyeizindua, Tofali ilipanda madaraja bila kelele. Ilishinda, ikashinda, mpaka mwaka huu ikabakiza mechi moja: dhidi ya Kilambo, pale Shimoni, Jumamosi saa tisa alasiri. Sare tu ilitosha kuipandisha Ligi Kuu; ikifungwa, wanapanda Kilambo. Mji ambao ulikuwa unatafuta timu kwa ndege ulikuwa nayo shimoni, na matope miguuni.

Tulikwenda kwa Mheshimiwa Lugome kumpa habari njema: kocha Tunu, Mavura na mimi kwa niaba ya washangiliaji. Nilitegemea atatukumbatia. Alikunja uso.

"Nani kaileta timu hiyo?" akauliza.

"Hakuna aliyeileta, Mheshimiwa," akajibu Tunu. "Ipo."

"Ipo tangu lini?"

"Huu mwaka wa tisa."

Mheshimiwa Lugome alitutazama kama tumemwingilia chumbani. "Mwaka wa tisa! Na matarajio yangu mimi nayaweka wapi?"

*

Kamati iliitisha kikao cha dharura, na kwa kuwa kilikuwa cha dharura kilifanyika hotelini. Mjumbe mmoja alisema timu ikishapatikana Kamati ya Matarajio haitakuwa na la kutarajia, na wajumbe wana watoto wanaosoma. Mwingine alipendekeza timu ivunjwe ili itafutwe upya. Aliyewaokoa ni Afisa Itifaki wa mji, kijana wa suti aitwaye Kasalama, msomi wa mambo ya mapokezi.

"Waheshimiwa, timu haiwezi kuletwa ikiwa iko hapa," alisema. "Lakini ikiwa iko nje ya mji, inaletwa."

Wajumbe walisimama wakampigia makofi. Ikaamuliwa: Jumamosi asubuhi Tofali FC ipakiwe kwenye basi, itolewe nje ya mpaka wa mji, kwenye lile geti la barabarani lililoandikwa KARIBU KWEMBOGO. Saa nne Waziri wa Kuleta ataipokea, atakata utepe, atawakabidhi wachezaji leseni zao za kuchezea, na timu itaingia mjini ikiwa imeletwa.

Tunu aliitwa kupewa taarifa. Tulikwenda naye.

"Mheshimiwa, Jumamosi tuna mechi," alisema. "Tupokeeni Jumapili."

"Jumapili Waziri analeta transfoma."

"Basi Jumatatu."

Mheshimiwa Lugome aliinamia meza. "Mama, ukishinda Jumamosi kabla hujaletwa, utakuwa umejileta mwenyewe. Unajua sheria inasemaje kwa mtu aliyejileta?"

Kasalama akaingilia kwa sauti ya upole. "Ni saa nne tu, mama yangu. Saa tano mko Shimoni mnanyoosha viungo. Nakuhakikishia." Kisha akanyoosha mkono kuomba leseni za wachezaji, ili zikapangwe vizuri kwa ajili ya kukabidhiwa.

Bila leseni refa hamruhusu mchezaji kuingia uwanjani, Tunu alilijua hilo kuliko sisi sote. Lakini mlangoni walikuwepo askari wawili, na waliambiwa wamsaidie kuzitoa. Akazitoa. Kisha akamgeukia yule kijana.

"Jina lako la ukoo nani?"

"Kasalama."

"Haya, Kasalama," alisema, akanyamaza.

*

Jumamosi washangiliaji tulikusanywa getini alfajiri. Maduka yalifungwa kwa hiari, na waliokosa hiari walifungiwa na mgambo. Basi la timu lilipita katikati yetu likielekea nje ya mji, na tuliamriwa tugeuze nyuso tusiwaone, kwa kuwa walikuwa bado hawajaja. Mbele kidogo tu ya geti likageuza, likazimwa, likatutazama. Utepe mwekundu ukafungwa kati yetu na wao.

Saa nne ilifika, Waziri hakufika. Saa tano tuliambiwa ameshatoka. Kwa uzoefu wangu wa kazi hii, "ameshatoka" maana yake anaoga. Kasalama akachukua kipaza sauti akaanza kuwatambua wageni. Aliwatambua waliokuwepo, akatambua walioalikwa wasije, na alipowamaliza akatambua viti walivyotengewa kwa vyeo vyao. Jua lilikuwa la utosini. Wachezaji walikuwa ndani ya basi na jezi mwilini, maana mtu ambaye hajaletwa haruhusiwi kushuka.

Baada ya adhuhuri Tunu alishuka. Alikuja mpaka kwenye utepe, akasimama upande wake, Kasalama upande wetu.

"Mwanangu, nipe leseni," alisema. "Twende tukacheze, tukimaliza tunarudi hapa. Mtupokee mpaka mchoke."

"Mama, leseni ziko kwenye trei, na trei imeshafunikwa kitambaa."

"Kifunue."

"Kitambaa kinafunuliwa na Waziri."

Tunu akamgeukia Mheshimiwa Lugome, aliyekuwa chini ya turubai na maji ya baridi. "Mheshimiwa, nakuomba. Piga simu ligi, waambie mechi isogezwe. Neno moja tu."

"Simu ya kusogeza mechi anapiga Waziri," alisema Mheshimiwa Lugome. "Na Waziri akiwa njiani hapigiwi simu. Ni utovu wa nidhamu."

Saa nane na nusu Mavura naye alishuka. Alikuja akichechemea, viatu vya mpira vimefungwa kamba, soksi zimevutwa hadi magotini, akasimama mbele ya ule utepe. Ulikuwa utepe wa kufungia zawadi. Mtoto wa kutambaa angeweza kuukata. Nyuma ya utepe, upande wetu, askari walisimama wamepanga mstari, bunduki zimeelekea chini.

"Kata upite, kaka," mtu alinong'ona nyuma yangu.

Askari mmoja akageuza shingo. Hatukumsikia tena huyo mtu.

Askari mwingine, kijana wa Mfinyanzini hapo hapo, alikuwa na redio ndogo mfukoni na sauti ameishusha. Saa tisa ilipogonga tulisogea karibu naye kidogo kidogo, naye akajifanya hatuoni. Mtangazaji alisema Kilambo wako uwanjani. Alisema kuta za Shimoni zimejaa watu, wapo wanaoimba jina la Mavura. Alisema refa anatazama saa. Kanuni inampa mwenyeji nusu saa. Nusu saa ile ilipita tukiwa tumesimama, Mavura ameinamisha kichwa upande wa redio, midomo yake inahesabu kitu. Kisha tukasikia filimbi.

"Tofali FC wamepoteza mchezo, mabao matatu kwa bila," alisema mtangazaji. "Timu haikutokea nyumbani kwake. Kwa kweli, ndugu msikilizaji, hatujui walikuwa wapi."

Mavura alikaa chini kwenye lami. Akafungua bandeji ya goti, akaikunja taratibu, akaiweka mfukoni. Hakulia. Goti lilikuwa limevimba.

Hapo nilikasirika. Naomba radhi, mshangiliaji haruhusiwi kukasirika akiwa kazini, lakini nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Mtu amebeba udongo kichwani tangu utotoni, amecheza na mguu mmoja mzima na mmoja mbovu, hajaomba nyasi za ng'ambo, hajaomba safari, ameomba dakika moja. Na dakika hiyo wamemnyima watu waliolipwa kumtafutia. Hawakumnyima kwa chuki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wamemnyima kwa sababu ya kitambaa kilichofunika trei.

*

Waziri alifika saa kumi na moja, amenyooka, ananukia. Ving'ora vilimtangulia. Alipanda jukwaani, akatambuliwa, akatambua waliomtambua.

"Ndugu zangu wa Kwembogo!" alinguruma. "Mlikuwa na timu?"

Jibu tunalijua tangu utotoni. "Hatukuwa nayo!" walijibu wachache, tena kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Na leo nani amewaletea?"

"Wewe," ilisema sauti moja. Ilikuwa ya Mheshimiwa Lugome.

Waziri alikata utepe. Kabla hajarudisha mkasi, Tunu alishapita katikati ya maofisa akasimama mbele yake.

"Mheshimiwa, mechi imekwisha," alisema. "Tumefungwa matatu na watu ambao hawakugusa mpira."

Waziri aliinama kumsikiliza Lugome. "Anasemaje?"

"Anakushukuru, Mheshimiwa."

"Karibuni sana mjini, mama," alisema Waziri, akampa mkono.

Tunu hakuupokea ule mkono. "Huwezi kunikaribisha kwetu," alisema. "Hatukuletwa na mtu sisi. Tulikuwepo."

Kisha akageukia basi, akaita majina ya ukoo, moja moja, na wachezaji wakashuka. Hawakupita getini. Walishuka bondeni kando ya barabara, wakakata mashambani kuelekea Mfinyanzini, viatu mikononi. Golikipa alimpa Mavura bega. Kasalama aliwakimbilia na trei, kitambaa kikipepea, anaita, "Leseni! Jamani, leseni zenu hizi!" Hakuna aliyegeuka. Alifika kwenye matope, akatazama viatu vyake, akarudi.

Lakini ratiba ni ratiba. Iliandikwa kwamba baada ya kukata utepe, basi litaingia mjini, wananchi watashangilia. Dereva ni mtumishi wa serikali mwenye familia. Alipoamriwa aliwasha. Basi likapita chini ya KARIBU KWEMBOGO polepole, taa zinawaka mchana, maua mbele, na ndani viti vitupu, madirisha yote wazi ili tuone vizuri.

"Ndugu wananchi!" alipiga kelele Kasalama, jasho linamtiririka. "Timu yenu hiyooo!"

Umati wote ulitazama mikono yangu. Hiyo ndiyo kazi yangu, mikono yangu ikianza wote wanaanza. Mikono haikuinuka. Sikuizuia mimi, iligoma yenyewe.

Kukawa kimya mpaka tukasikia matairi. Ndipo Mama Mkunde, muuza uji wa Mfinyanzini aliyewanywesha vijana wale tangu wanaanza kuchimba shimo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia ndoo yake:

"Iko wapi?"

Akarudia, safari hii kwa nguvu. Mwanamke wa pembeni yake akaichukua, halafu wa nyuma, halafu mimi. "Iko wapi? Timu iko wapi?" Watoto wa shule wakaidaka, wao hudaka upesi. Miguu ikaanza kukanyaga ardhi. Mstari wote wa barabara, walioletwa kwa malori na waliofungiwa maduka, ukawa unauliza jambo moja, kwa pamoja, kwa hasira ambayo sijawahi kuisikia tukiwa tumejipanga. "Iko wapi! Iko wapi! Timu iko wapi!" Niliona Lugome anatafuta pa kutazama. Nikasema, leo ndiyo leo.

Waziri aliweka kiganja sikioni, akasikiliza. Uso wake ukachanua.

"Wimbo mzuri!" alimwambia Lugome kwenye kipaza sauti kilichokuwa bado kimewashwa. "Wa timu?"

"Wa timu, Mheshimiwa," alisema Lugome.

Waziri akatoa leso. Akashuka jukwaani, akaja mpaka mbele ya lile basi tupu, akaanza kucheza. Tulipiga kelele zaidi ili aelewe, naye akakata kiuno zaidi. Maofisa wakashuka kumsindikiza, kila mmoja na leso yake. Tulipiga kelele mpaka koo zikachanika, tukimkazia macho, tumekunja ngumi, na yeye alituonyesha dole gumba.

*

Taarifa ya habari ilieleza kwamba timu imeletwa Kwembogo na imepokewa kwa wimbo uliotungwa na wananchi wenyewe. Kamati ya Matarajio haikuvunjwa. Imepewa kazi mpya ya kutarajia ushindi, na wajumbe wamekwenda ng'ambo kutazama vikombe. Shimoni pamezungushiwa kamba, panasubiri jiwe la msingi. Kilambo wako Ligi Kuu. Mavura anachoma matofali akiwa amekaa, maana kusimama hawezi, na mtu akimtajia mpira anauliza kama anataka matofali ya kujengea au ya kuzungushia ua.

Wimbo nao umeidhinishwa. Unafundishwa mashuleni, na kila mkubwa akija tunaagizwa kumpokea nao. Hatukosi hata siku moja, sijawahi kuona watu wanaoitikia kazi hii kwa moyo hivi. Juzi alikuja Waziri mpya. Tulimpangia mstari, tukamwimbia usoni, "Iko wapi! Iko wapi!", mishipa ya shingo imetutoka, Mama Mkunde machozi yanamshuka. Alicheza vizuri kuliko yule wa kwanza.